Mashine Juu ya Mafiga

Kila kiangazi wafugaji wa upande wetu huchoma majani makavu ili ng'ombe wapate machipukizi. Simlaumu mtu, hakuna ng'ombe anayeshiba mabua. Ila moto hauchagui, na mama yangu alikuwa akikaa peke yake katika nyumba ya nyasi, kando ya barabara ya kwenda Nyankunde. Tangu baba afariki nilimwomba ahamie kwangu Rwambuzi, mjini Bunia. Jibu lake lilikuwa lile lile: maadamu nyumba imesimama, haondoki. Basi nikaahidi kwamba kila Januari nitakwenda kufyeka ukanda mpana kuizunguka, hadi udongo uonekane, moto ukifika ukose cha kula. Mdomo uliahidi, mgongo ukalipa.

Mwaka wa sita nilinunua mashine ya kufyekea, ile ya kubeba begani. Nauza vipuri vya pikipiki sokoni Bunia, kwa hiyo injini nazijua. Nilipomaliza kazi nilimwachia mama mashine aitunze, nikamwagiza jambo moja tu: isipate maji wala unyevu.

Januari iliyofuata nilifika asubuhi, moshi umeshaufunika mlima. Macho yaliniwasha, hata chai ilinuka majivu. Nikaulizia mashine. Mama alinipeleka jikoni akanionyesha juu ya mafiga, kwenye dari ya fito ambako alihifadhi mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu. Mashine yangu ilikuwa imelazwa katikati ya mahindi, nyeusi tii.

“Mafuta nilimwaga kwanza,” alisema, amejaa fahari. “Nikaiweka pale niko naweka mbegu. Maji haikuiona hata kidogo.”

Ni kweli, maji haikuyaona. Iliona moshi wa miezi kumi na mbili. Nilifungua kichujio cha hewa, masizi yakanimwagikia mikononi. Nikakiosha, nikabadilisha buji, ile plagi ya kuwashia, nikatia mafuta; yote yakavujia chini, kwa sababu mpira wa kuyapitisha ulikuwa umekauka na kupasuka, na mpira wa namna hiyo ulikuwa Bunia. Nilitaka kufoka. Lakini utamfokea vipi mtu aliyekiweka kifaa chako mahali bora kuliko pote nyumbani mwake?

Mama aliutazama moshi, akaniletea jembe.

“Mugeni, siku ya tatu ndiyo unamupatia jembe,” alisema. “Weye nakupatia leo.”

Tulifyeka kuanzia asubuhi, yeye upande wa jikoni, mimi upande wa mlima. Kufikia saa nane mchana moto ulikuwa unasikika, na kwangu zilibaki hatua kama kumi za nyasi ndefu. Hapo nikaketi. Sikuzimia wala sikuumia. Niliketi tu, nikawaza: na iungue, nipumzike. Nakiri nilifikiri hivyo, tena kwa raha.

Mama alizunguka nyumba akanikuta. Mwanamke wa miaka sabini na kitu aliinama akaanza kulima zile hatua kumi mbele ya miguu yangu, mpaka nikaona haya nikasimama kumsaidia. Moto ulifika, ukaulamba ukingo wa udongo, ukapita kando kuelekea mtoni. Nyumba haikupoteza hata unyasi mmoja.

Tulinawa kwa beseni moja.

“Mutoto yangu,” alisema, “ulikuwa unataka iungue?”

Nilitafuta uongo, nikakosa hata nguvu ya kuutunga. Nikamwambia ndiyo, mama, kidogo.

Hakukasirika. “Basi twende,” alisema. “Nyumba haiko mbaya. Weye ndiye umechoka.” Akaingia ndani kukunja mikeka. Kesho yake alifunga mlango wa nyumba nzima isiyo na kasoro, akapanda pikipiki nyuma yangu.

Sasa yuko kwangu Rwambuzi, kama nilivyoomba miaka yote. Kila asubuhi huamka kabla yetu, akaketi kibarazani, mikono mitupu mapajani, na mimi hupita nikienda sokoni bila kuthubutu kumwuliza ameamkaje.