Daktari Aliyemfukuza Bi Somoe

Siku yangu ya kwanza Nachingwea, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Daktari wa Wilaya alinionyesha chumba cha dharura, akanipa amri moja.

"Moto ukila uso, mkono au kiungo, safisha, funga, peleka Dar es Salaam. Usijaribu zaidi."

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, kila amri naihoji. "Kwa nini tusibandike ngozi hapa hapa?"

"Utapasulia wapi? Kwenye kile chumba chenye popo?"

Ninyi mnaoanza kazi, msidhani kupeleka mgonjwa ni kuandika barua tu. Bi Somoe, mkulima wa Mandawa, aliungua mkono wa kulia akichoma shamba la ufuta. Nyumbani walimpaka majivu. Niliyaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, nikafunga kila kidole peke yake, maana vikifungwa pamoja vinashikana. Mkono nikauning'iniza juu usivimbe.

Mumewe akakataa safari. "Mnampeleka akafie mbali."

"Mzee, akibaki mkono utakunjamana, utakuwa ngumi."

"Basi ngumi hiyo itakuwa nyumbani kwangu."

Mimi nilikuwa mgeni, Kimwera sikijui. Muuguzi wetu Mussa, mtu wa Chinongwe, alizungumza naye kwa Kimwera, wakacheka, mzee akakubali. Kwa hiyo nafasi pekee ya msindikizaji kwenye ndege ya Waingereza wa mradi wa mashamba ya karanga, iliyotubebea wagonjwa hadi Dar es Salaam, akapewa Mussa. Mimi nilibaki uwanjani nikila vumbi.

Mussa alirudi amemwona bingwa wa upasuaji wa huko akichuna ngozi ya paja, nyembamba kama ganda la kitunguu, na kuibandika kidondani.

"Ungeona, Daktari!"

Nilimwambia vyombo vichafu vinamsubiri.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya Ruangwa. Asubuhi moja Bi Somoe akaingia na kikapu cha ufuta.

"Mussa yuko wapi?"

"Yuko Nachingwea. Hebu fungua mkono, mama."

Vidole vilinyooka vyote, kila kimoja peke yake. Kimoja akaninyooshea mimi, akawageukia wanawake waliokaa kwenye benchi. "Huyu ndiye aliyenifukuza!"

Akaondoka na kikapu chake.

Sasa nimestaafu. Mussa bado analetewa ufuta mpaka mlangoni, na wivu bado unaniuma. Lakini akiletwa kwangu kesho mwenye mkono kama ule, nitamsafisha, nitamfunga, nitamfukuza kabla jua halijapanda.