Mama wa Nne na Kitabu cha Mapokezi

Pale mapokezi, pembeni ya simu, kuna kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Usikidharau. Kitabu hicho kimeshawatoa watu watatu kazini na chenyewe hakijawahi kuinuka mezani. Kazi yake ni kupokea maoni ya wenye ofisi kuhusu wafanya usafi: nani kaacha vumbi, nani kanuna, nani kapiga deki watu wakateleza. Mwenye ofisi anaandika, jina haweki, anakwenda zake kunywa chai. Ijumaa anakuja msimamizi wa kampuni ya usafi, anasoma. Ukiandikwa hata mara moja ndani ya mwaka, mkataba ukiisha jina lako halimo. Kuulizwa ilikuwaje? Nani akuulize, na ana shida gani?

Basi mwanamke ninayemsema hapa, na simsengenyi, alikuwa amesafisha jengo hilo miaka sita bila kuandikwa. Ghorofa yake ni ya nne, ndiyo maana wakamwita Mama wa Nne, jina ambalo wifi yake alilipokea kwa furaha kuliko yeye mwenyewe. "Wa nne wa nani?" humuuliza asubuhi wakiagana mlangoni. "Na hao watatu wa kwanza wanakujua?" Wifi huyo ni dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani, mdomo hauna breki. Wanaishi pamoja, wao wawili na mama mzazi wa Mama wa Nne, ambaye mwaka wa tatu huu yuko kitandani, upande mmoja wa mwili hauna nguvu.

Mgonjwa wa namna hiyo lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, la sivyo ngozi inachubuka, na ikishachubuka imekula kwenu. Asubuhi wifi ndiye humgeuza kabla ya kwenda kwenye cherehani yake. Saa sita Mama wa Nne huvua aproni, hutembea dakika kumi na mbili mguu mosi mguu pili hadi nyumbani, humgeuza, humlisha, humfuta, hurudi kabla ya saa saba. Kazi iliyo karibu na kitanda cha mama yake kiasi hicho, mji mzima hakuna nyingine. Sasa unaelewa kwa nini miaka sita alimeza maneno.

Ghorofa ya nne ni ya watafiti. Usicheke: wanachotafiti ni haki kazini. Nani husikilizwa, nani hunyamaza, bosi akikosoa anakosoa vipi, mdogo akisema kweli inamkuta nini. Mbao zao nyeupe zimejaa mishale na maneno hayo, na Mama wa Nne ameyasoma yote, maana huwezi kufuta vumbi la fremu ukiwa umefumba macho. Ubao wenyewe haugusi. Hiyo ni kanuni yake tangu siku ya kwanza: kilichoandikwa na mtu atakifuta mwenyewe. Kwa miaka sita amejua mwandiko wa kila mmoja wao, na wao kwa miaka sita hawajamjua zaidi ya ndoo yake.

Ijumaa moja msimamizi akamwita chini, nyuma ya ngazi, pale wanapohifadhi mifagio.

"Mama, umeandikwa," akasema, akitazama viatu vyake. "Ubao wa watu umefutwa, kazi ya wiki tatu imepotea. Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi. Siwezi kuuongeza."

Mama wa Nne akashika mpini wa ufagio. "Ubao upi? Siku gani?"

"Ubao wa chumba cha mikutano. Jumatano."

"Jumatano iliyopita?"

"Ndiyo hiyo."

"Bosi, Jumatano mimi nakuwa nasafisha ghala, ng'ambo ya barabara. Kila Jumatano. Wewe ndiye unayenipeleka."

Msimamizi akakohoa. Mtu mbaya si mbaya, mwoga tu. Mteja akipiga chafya yeye anatafuta kitambaa. "Najua," akasema. "Lakini mimi nafuata kitabu. Nikianza kubishana na wateja, tutakosa jengo zima."

Hebu fikiria. Anajua hakuwapo, anakiri hakuwapo, na bado anamtoa. Siku ile Mama wa Nne alipiga deki ghorofa nzima mara mbili kwa hasira, na hasira haikuisha.

Jioni akamweleza wifi. Ungedhani yule mwenye mdomo ndiye angewaka, lakini wapi. Wifi aliweka kitambaa chini, akasema, "Nenda kaombe radhi."

"Radhi ya kosa lipi?"

"Lolote. Sema ulipitiwa. Wifi yangu, mimi ningekuwa na mahali pa kumpeleka huyu mama saa sita, ningekwambia kawape vidonge vyao. Sina. Jishushe, yaishe."

Mama wa Nne alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Akajiona anakiri kosa la siku ambayo hata harufu ya jengo hakuisikia. Na baadaye? Mwakani lingeandikwa kosa jingine, naye angekuwa ameshazoea kukiri. Alimkumbuka mwenzake wa ghorofa ya pili, aliyeondolewa kwa sababu mtu aliandika kwamba sabuni yake inanuka, na sabuni hainunui yeye. Yule aliondoka bila neno, na wao wote wakamsindikiza bila neno. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi, kwamba na yeye alikuwa mmoja wa waliokaa kimya. Kabla chai haijachemka alikuwa ameshakata shauri: radhi haombi.

Jumatatu akaenda mapokezi, akasimama mbele ya meza, si na kitambaa cha vumbi bali mikono mitupu.

"Dada, naomba kusoma kitabu."

Dada wa mapokezi akamtazama, akakitazama kitabu, akamtazama tena. "Kitabu hiki?"

"Nimeandikwa humo. Nataka kuona nilivyoandikwa."

"Sijui kama inaruhusiwa."

"Imekatazwa?"

Dada akafikiri. Akafungua jalada, akatafuta kanuni ndani yake, hakuiona. "Kusema kweli, haijakatazwa," akasema. "Ila hakuna aliyewahi kuomba." Akakigeuza kimwelekee.

Maneno yalikuwa machache. *Jumatano mfanya usafi wa ghorofa ya nne alifuta ubao wa chumba cha mikutano bila idhini, kazi ya wiki tatu imepotea. Uzembe mkubwa.* Hakuna jina. Lakini ile *k* yenye mkono mrefu unaopita juu ya herufi ya mbele, nani asiijue? Ameipangusia vumbi miaka sita. Ilikuwa *k* ya Daktari.

Daktari huyu, nisikuchanganye, udaktari wake ni wa vitabu. Ukiumwa jino usimwendee. Ndiye kiongozi wa utafiti. Mwanamke mpole, humwamkia kila mtu, na mwaka jana aliacha mkutano akaenda kumshika mkono mfagiaji aliyefiwa. Mama wa Nne alitegemea kumkuta mtu mkorofi, amchukie apumue. Kumbe ni huyu. Alirudisha kitabu, akapanda ngazi polepole, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alitaka kulia.

Asubuhi ya Jumanne, Daktari mwenyewe akachungulia koridoni.

"Mama, samahani, una dakika ishirini? Tunajaribu maswali yetu kabla hatujayapeleka viwandani. Tunataka mtu wa kazi halisi atuambie kama yanaeleweka."

Mama wa Nne akaegemeza ufagio ukutani. Akapiga moyo konde, akaingia.

Chumba kilikuwa kile kile cha mikutano, na ubao ulikuwa mweupe pee. Daktari akamwekea kiti, akamweleza kwamba majibu yake ni siri, jina haliandikwi popote, hakuna bosi atakayejua. Kisha akaanza kusoma, kalamu mkononi, bila kuinua macho.

"Kwa kipimo cha moja hadi tano, una uhuru kiasi gani wa kusema jambo linapokuwa baya kazini?"

"Moja."

"Katika mwaka huu umewahi kulaumiwa kazini?"

"Ndiyo. Wiki iliyopita."

"Kabla ya uamuzi, ulipewa nafasi ya kueleza upande wako?"

"La."

"Aliyekulaumu unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Unadhani angekusikiliza kama ungemwendea?"

"Daktari, hilo ndilo ninalotaka kulijua sasa hivi," akasema Mama wa Nne. "Maana ni wewe."

Kalamu ikasimama. Mama wa Nne akaona asiposema lote sasa halitasemwa tena, akalisema lote, bila kupandisha sauti: kitabu, Jumatano, ghala la ng'ambo ya barabara, mkataba unaoisha, mama yake anayegeuzwa saa sita. Alisema pia habari ya mwenzake wa sabuni.

Daktari aliweka kalamu mezani. "Nilifika Alhamisi nikakuta ubao mweupe," akasema. "Nilikasirika sana. Nikashuka moja kwa moja..." Akautazama ubao, kisha akasema polepole, "Jumatano mchana kulikuwa na kikao humu. Mimi sikuwepo. Bila shaka ni wenzangu waliofuta."

"Sijui nani alifuta," akasema Mama wa Nne. "Mimi najua tu hukuniuliza. Swali moja lingetosha."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Ulikuwa umeshaandika. Na hukuandika jina. Ningekuja kwa nani?"

Daktari alifunika uso kwa viganja. Alipoinuka alikuwa na haraka ya mtu anayetaka aibu imwishe. "Nitaukata ukurasa ule leo. Nitampigia msimamizi wako. Yataisha, hakuna atakayejua."

Sasa pima mwenyewe. Kazi imerudi, mama yuko salama, na hakuna ugomvi. Wifi angesema chukua ukimbie. Hata mimi ningechukua nikimbie.

"Usiukate," akasema Mama wa Nne. "Ukiukata, kitabu kitabaki vile vile kinamngoja mwingine. Andika chini yake kwamba ulikosea, na uweke jina lako. Na umweleze Mkuu wa jengo hili kwamba anayeandikwa aitwe kwanza, ajibu."

"Kwa Mkuu siwezi kwenda na majibu ya dodoso, mama. Nimekuahidi siri, ndiyo sheria ya kazi yetu."

"Basi nipe kalamu."

Akavuta karatasi ya maswali. Juu kabisa palikuwa na maandishi yanayosema jina lisiandikwe. Akaandika papo hapo majina yake matatu, moja baada ya jingine, kwa herufi kubwa, kisha namba yake ya kazi. "Siri ilikuwa yangu," akasema, "nami nimeitoa."

Wakashuka ngazi pamoja. Dada wa mapokezi alikigeuza kitabu bila kuulizwa. Daktari akaandika: *Nilikosea. Huyu mama hakuwapo siku hiyo na mimi sikuuliza,* akaweka jina na saini. Mama wa Nne akapiga mstari wa kutoka juu hadi chini kwa rula katikati ya ukurasa uliofuata, juu yake upande wa kulia akaandika *Majibu ya mwenye kuandikwa*. Halafu akaangalia saa ya ukutani, akavua aproni, akaondoka mbio.

Ijumaa msimamizi alikuja na begi lake. Alisoma kitabu akiwa amesimama, akasoma tena akiwa amekaa.

"Nani kakuruhusu kuandika kwenye kitabu cha wateja?"

"Hakuna aliyenikataza. Niliandikwa humo, nikajibu humo."

"Na Mkuu amenipigia simu anataka mstari huu uwepo kila ukurasa." Akajipangusa jasho. "Unajua umefanya nini? Nikikuongezea mkataba baada ya jambo hili, kesho wote watataka kujibu."

"Ndiyo," akasema Mama wa Nne. "Watataka."

Msimamizi akamtazama kwa muda, pengine kwa mara ya kwanza usoni. Kisha akafungua begi, akatoa mkataba, kurasa nne, akamwonyesha mahali pa saini kwenye ukurasa wa mwisho kama afanyavyo kila mwaka. Kalamu akaiweka juu yake.

Mama wa Nne akaisogeza kalamu pembeni, akarudi ukurasa wa kwanza. Miaka sita alisaini bila kusoma. Sasa alisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya maneno, msimamizi akitazama saa, dada wa mapokezi akijitia hamnazo huku masikio yote yako hapo. Alipofika ukurasa wa tatu, kidole kikasimama.

"Hapa panasema naweza kuondolewa kwa neno la mteja, bila maelezo," akasema. "Vuta kiti, bosi. Hiki kipengele tukizungumze kabla sijasaini."