Mafuta ya Nazi Kwenye Kompyuta

Harusi ya mtoto wa dada yangu ilikuwa Maskati, na mama yangu hakuweza kusafiri. Miguu ilishakataa ndege, ikakataa hata gari la kwenda mjini Chake. Tukakubaliana aione nikahi kwenye kompyuta yangu hapa Kengeja, Pemba, kwa sababu simu kwa macho yake ni kibiriti tu. Yule bibi harusi alimlea mwenyewe mpaka akafika umri wa skuli, kisha wazee wake wakamchukua kwenda Maskati. Hajamwona uso kwa uso tangu hapo.

Shida ilikuwa kompyuta. Siku ya posa picha iliganda, mama akakaa akitazama nusu ya sikio la bwana harusi mpaka shughuli ikaisha. Nikaapa hilo halirudi tena. Nikanunua Chake kipande cha RAM cha kuiongezea kompyuta kumbukumbu isigande, kijiti chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu, nikakifungua nikitazame, nikakiacha juu ya kabati. Mie mwalimu, na wiki ile nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha.

Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri nikakipachika. Nikawasha. Skrini nyeusi ti, na ndani mlio: pii, pii, pii. Nikazima, nikawasha, pii, pii, pii. Nikahamisha waya, nikabadilisha soketi, nikakihamishia kile kijiti kwenye nafasi ya pili. Nikakitoa kabisa, kompyuta ikawaka kama kawaida yake, kwa kujikongoja. Basi mwenye kosa kajulikana, nikasema.

Nina hasira za karibu, sikatai. Nikampigia muuzaji, hata salamu sikuimaliza.

"Umeniuzia kitu kibovu, na nikahi ni alasiri!"

"Pole, mwalimu," akanijibu kwa upole ulionizidishia moto. "Kikiwa kibovu nitakubadilishia kesho. Lakini kwanza zima, chomoa umeme, kitoe, ukifute meno kwa raba ya kufutia penseli. Saa nyengine ni uchafu tu."

Uchafu gani, kitu kipya! Hata hivyo nikakitoa, nikakisogeza dirishani. Meno yaking'ara kupita kiasi. Nikapitisha kidole, kikateleza. Nikanusa. Mafuta ya nazi!

Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, kajifunga kanga mpya, kajitia na wanja. Nikamuuliza kama alikishika kile kijiti.

"Nilikipaka," akasema, kwa raha kabisa. "Kilikuwa wazi pale juu ya kabati siku nne, na hewa hii ya chumvi. Kingeshika kutu."

Ndiyo kawaida yake. Nyumba yetu iko karibu na pwani, na kila chenye chuma humu ndani kinapakwa: bawaba za milango, cherehani, baiskeli ya marehemu baba ambayo haina mpandaji. Nikijua haya yote, na bado mdomo ukanitangulia.

"Mama, kompyuta si kufuli!"

Aliinama akaanza kukunja ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Halafu akauliza taratibu, "Basi sitamwona?"

Lahaula, nilitamani ardhi inimeze. Nilisema utamwona, mama, nikageuka upesi asione uso wangu. Nikafuta meno yale kwa kitambaa chenye spiriti, nikasugua kwa raba, nikapuliza vumbi lake, nikafuta tena. Nikakirudisha na kukibana mpaka kikalia tak pande zote mbili. Nikapiga bismillahi, nikawasha.

Mlio haukuja. Skrini ikafunguka.

Alasiri ilipofika tulimwona bibi harusi mzima, toka hina ya vidoleni mpaka asumini za kichwani, wala picha haikuganda. Mama alimwombea dua ndefu, na kule wote wakaitikia amin. Kisha yule mtoto akageuza simu yake atuonyeshe chumba, na kwenye pembe lilikuwepo kasha la mama, lile alilompa siku anaondoka Pemba.

"Bibi, kufuli lake mpaka leo linafunguka kwa kidole," akasema. "Huku nako ni pwani, chumvi tupu. Nalipaka mafuta ya nazi kila mwezi, kama ulivyonifunza."

Mama hakunigeukia. Aliunyoosha mkono akaugusa uso wa mjukuu wake pale kwenye kioo, machozi yakimshuka na wanja wake.

"Mama, niwie radhi," nikamnong'oneza.

"Hebu nyamaza, mwanangu," akasema. "Namsikiliza mtoto."