Fatiha Tuliyosomea Mtaro

Mie ni mtu wa hasira na sifichi. Lakini mwaka ule wa mtaro hasira zangu nilizimeza kama vidonge, kwa sababu niliamini. Wallahi niliamini, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kijiji chetu kiko juu kidogo ya Mtambile, na kimegawika tangu sijaolewa. Wengi wana chama chao, sisi wachache tuna chetu. Asiyeijua Pemba atadhani hayo ni maneno ya majukwaani tu. Hata! Kwetu watu walisusiana maziko. Akifa mtu wa upande wa pili unafunga dirisha, unaendelea kumenya muhogo wako. Muhogo huo hata mie nimewahi kuumenya, sijitoi. Jirani unampita bila salamu, dukani kwake hununui hata chumvi, na watoto wakitoka chuoni kusoma Kurani kila kundi linashika njia yake.

Kilichotukalisha pamoja ni maji. Kisima kiko bondeni, na kile kilima kilituvunja migongo sote bila kuuliza nani kapiga kura wapi. Tukaambiwa tukichimba mtaro wenyewe kutoka barabara kubwa, mabomba tutaletewa. Wanaume wakashindwa hata kukubaliana wakutane barazani kwa nani. Basi tukakaa wanawake, uani kwetu, mie nikiwasemea wa upande wangu na shoga yangu akiwasemea wa upande wao.

Shoga yangu huyo tumekua mlango kwa mlango. Yeye ndiye mkosha maiti wa wanawake pale kijijini, na kazi ile alifundishwa na mamangu mzazi. Mama alimshika mkono tangu yu kigori, akamwonesha namna ya kumgeuza maiti bila kumfunua, na namna ya kumwaga maji taratibu, maana maiti naye anastahili adabu. Uzee ulipomkalisha mama kitako, kazi alimwachia yeye. Mie sikuwa na moyo huo, na mama alilijua.

Kikao cha kwanza kilikuwa matusi matupu. Cha pili shoga yangu akaleta rai: anayetaka kumpinga mwenzake amsalimu kwanza, salamu kamili ya kwetu, amuulize na wa nyumbani wote, ndipo aseme lake. Tukacheka, lakini tukafuata. Na yakhe, salamu za Pemba si za kumaliza kwa pumzi moja. Mpaka umeshauliza hali ya mgonjwa, na mjukuu, na mbuzi aliyezaa, lile tusi ulilokuja nalo limeshapoa mdomoni. Nimewaona wanawake ambao miaka kumi hawakuazimana hata taa ya chemni wakiulizana dawa ya kifua.

Siku ya kugawana hatua za kuchimba, mama aliita kutoka ndani. Alikuwa kitandani, keshakonda. Akasema maji ni mazuri, lakini yeye haja yake ni moja: hataki kwenda kaburini kama mtu asiye na watu, na anataka akoshwe na mwanafunzi wake. Shoga yangu akaingia, akamshika miguu.

"Nani mwengine atakukosha, mama, nami nipo?"

Akatoka na machozi, akasema tukubaliane la maziko papo hapo. Uchaguzi uje, uende, maziko hatususiani tena, wala sisi wala waume zetu. Tukainua mikono tukasoma Fatiha, na aliyeisomesha ni yeye.

Tukachimba. Miezi minne ya msaragambo, kazi ya pamoja kila Jumapili, majembe ya huku na mitaimbo ya kule. Maji yakafika, tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Kisha ukaja uchaguzi. Sina haja ya kuusimulia, mwenye kuujua anaujua. Kampeni tu zilitosha kuzitia ndimi sumu, na matokeo yalipotoka salamu zilikatika kama uzi. Mie bado nilijipa moyo kuwa Fatiha ni Fatiha.

Mama alifariki asubuhi, wiki ya pili baada ya matokeo. Nilikwenda mwenyewe kwa shoga yangu, nimejitanda kanga tu. Nikapiga hodi mara tatu. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, na ndani nilisikia kikohozi kikizuiwa. Mlango haukufunguliwa. Nikarudi nyumbani, na hasira au na aibu sijui.

Mama nilimkosha mimi, nisiye na moyo, khaloo, dada yake mama, akinielekeza maana macho yake hayaoni tena vizuri. Nilimwaga maji ovyo. Nilimwomba radhi mama kwa kila ndoo.

Jeneza lilipotoka nilisimama ukingo wa ua. Kwetu jeneza halikai begani. Hulishiki hatua saba kabla mwenzako hajakupokea, watu wanagombania thawabu. Siku ile wachukuzi walikuwa ni watu wetu tu, wachache, nusu yao wazee. Hawakufika mbali. Wakamtua mamangu kando ya njia, juu ya ule udongo wa mtaro, wakashika viuno wakihema. Sijapata kuona jeneza likituliwa njiani. Nikaingia ndani.

Hitima ikasomwa, arubaini ikapita. Ndipo shoga yangu aliponifuata mferejini, penye bomba letu jipya, tuko wawili tu. Akanisalimu salamu kamili, akauliza wa nyumbani wote. Nikamwitikia kwa shingo upande. Akanieleza kuwa binti yake alikuwa anaolewa Ijumaa ya wiki ile ya msiba, na watu wa chama chao walishamwambia yeye: akitia mguu kwetu, harusi hawaendi, na posa inarudishwa.

Nikamwambia harusi huakhirishwa, maiti haakhirishwi. Akakubali. Akaanza kulia, na nusura na mie nimshike mkono, kwa sababu nilikuwa na hamu na mwenzangu yule, sitasema uongo.

"Nilikuwa dirishani," akasema. "Niliwahesabu wachukuzi. Kumi na mmoja tu. Nililia mpaka nikaishiwa."

"Ulimwona alipotuliwa?"

"Nilimwona."

"Na mumeo? Na wanao watatu?"

Akatazama ndoo yake, ilikuwa imejaa na inamwagika, hakufunga maji.

"Walikuwa ndani na mimi," akasema. "Niliwakataza kutoka."

Mume na watoto watatu wa kiume, wazima wa afya, nyuma ya dirisha, na mamangu yuko chini njiani. Nikajitwika ndoo yangu nikaondoka. Jeneza huchukuliwa na watu wanne.