Jego Nililoling'oa kwa Haraka

Jego lenyewe lilikuwa la chini, upande wa kulia. Lilianza kuuma kipindi cha mtihani wa kidato cha nne, nikawa nalibembeleza kwa karafuu na maji ya chumvi. Likanyamaza, likarudi, likanyamaza tena. Mwaka jana lilipoamka halikutaka kubembelezwa. Shavu lilivimba mpaka mdogo wangu akaniuliza nimeficha embe la nani.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mpole, wa kuongea taratibu mno. Mimi watu wanaoongea taratibu wananichosha. Alinipa dawa kwanza uvimbe ushuke, na niliporudi akanionyesha picha ya jino langu kwenye kompyuta.

"Hili linaokoleka, mdogo wangu," akasema. "Tutasafisha mizizi kwa ndani, tutaziba, halafu tutalivika kofia juu. Ila itabidi uje mara kadhaa."

"Mara kadhaa ndo ngapi?"

"Itategemea linavyopona."

"Dokta, ng'oa."

"Nenda nyumbani kwanza, ukaongee na mama."

"Nimeshafikiria. Ng'oa tu."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi, nina njaa, usingizi sijaupata vizuri kwa siku nyingi, na kulikuwa na nguo za watu wa harusi zinanisubiri kwenye cherehani. Hizo ndizo sababu zangu zote. Nikachomwa ganzi, mdomo ukawa mzito, akavuta, akazungusha, nikasikia ule mlio wa ndani ya kichwa ambao mpaka leo naukumbuka, na jino likalala kwenye kisahani cha chuma. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Juu lina shimo jeusi, lakini mizizi yake ilikuwa mizima, minene. Nilivyoitazama ile mizizi nikajua nimekosea. Mtu hajashuka hata kwenye kiti na ameshaanza kujuta! Daktari akanipa pamba ya kung'ata, akasema kidonda kikishapona vizuri nirudi, tuone kama nitataka kuweka jino lingine.

Jioni mama alinikorogea uji. Nilipomwambia jino lingeweza kutibiwa, mkono wake ukasimama juu ya sufuria.

"Alikwambia linatibika?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukasema ling'olewe."

"Lilikuwa linauma, mama."

Hakugomba. Mama akigomba ni afadhali, maana yanaisha palepale. Alinimiminia uji, akaupuliza upoe kama vile mimi ni mtoto wa chekechea, akanipa.

Nyumbani mara nyingi tuko watatu: mama, mimi na mdogo wangu aliye kidato cha tatu. Baba yuko Kaliua kwenye biashara ya mpunga, anakuja na treni akipata nafasi. Mama ni fundi cherehani, anashonea barazani, na mimi namsaidia huku nasubiri majibu ya chuo. Wote watatu tunakula kwenye sinia moja. Wali au ugali unakaa katikati, mboga kwenye bakuli, na kama kuna nyama inawekwa juu, kila mtu anachukua. Hakuna anayegawiwa. Mwenye mkono mwepesi anakula vizuri, na mimi nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wote.

Wiki za mwanzo sikuliona pengo kama tatizo. Ulimi ulikuwa unaenda pale kila saa, unapapasa fizi laini, unarudi. Nikawa natafunia kushoto tu. Halafu dada yake mama akatuma matobolwa kutoka Kigwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama vigae. Sisi tunavitafuna hivyohivyo na karanga. Nilitia kipande mdomoni, kikakimbilia kulia, kikaniingia kwenye fizi. Machozi yalinitoka. Mdogo wangu alicheka mpaka akapaliwa na karanga, na nikaona amepata alichostahili.

"Lowesha kwenye chai," mama akasema.

Yeye siku zote alilowesha matobolwa yake kwenye chai. Tangu nikiwa mdogo nilidhani ndiyo namna ya kula ya watu wa kwao. Nililowesha. Hayakuwa matamu. Yakilowa yanakuwa viazi tu.

Basi nikarudi kwa daktari. Alinieleza kila kitu kwa ule mwendo wake, na safari hii nilijikaza nikasikiliza mpaka mwisho. Alisema si lazima kuweka jino. Wapo watu wanaishi na pengo na hawapati shida. Ila meno ya jirani yanaweza kulala kuelekea kwenye nafasi, na lile la juu, kwa kuwa halina mwenzake wa kugongana naye, linaweza kushuka polepole. Kama ninataka kuweka, kuna jino la kuvaa na kuvua, linakaa kwenye kibao chembamba cha plastiki. Kuna daraja, lakini kwa hilo angesaga meno mawili mazima ya pembeni ili yabebe la katikati. Na kuna la kufungwa kwenye mfupa kwa skrubu, ambalo yeye halifanyi, ningelifuata Mwanza au Dar, na lina kusubiri kwingi.

Nilipoambiwa kusaga meno mazima nilishika shavu. Lile la kusubiri ndo hata sikuliuliza.

"Usiniambie leo," daktari akasema. Nadhani alishanijua.

Nyumbani nikawaeleza. Mdogo wangu akaona hakuna hata la kujadili. "Dada, nyuma huko nani anaona? Labda ucheke kama fisi."

"Weka," mama akasema, macho yake kwenye sindano ya cherehani.

"Lakini mama, si lazima. Dokta mwenyewe kasema."

"Nimesikia. Weka."

Moyoni nilikuwa nimeshaamua kuacha. Safari za kwenda na kurudi zilinichosha hata kabla hazijaanza, na uvivu wangu nikauita kuridhika na hali.

Ijumaa moja mama alipika pilau ya mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa mzee, nyama haikuiva vizuri hata baada ya kukaa jikoni asubuhi nzima. Nilichukua kipande, nikakipeleka kushoto, nikatafuna, nikatafuna, kikagoma. Nilipokimeza na kunyoosha mkono, juu ya wali palikuwa peupe. Mdogo wangu alikuwa na mfupa mdomoni na kipande kingine amekificha chini ya wali wa upande wake.

"Wewe una adabu kweli? Nyama zote?"

"Nani kakukataza? Nimekungoja weee! Siku hizi unakula kama mama."

Alisema kwa utani. Utani wenyewe ni wa zamani, na mimi ndiye niliyeuanzisha. Mama tulikuwa tunamwita bibi harusi, kwa sababu anakula taratibu, kwa vidole vya mbele, anachambua nyama nyuzinyuzi, anatia kidogo kidogo. Tulidhani ni madaha. Mama naye alikuwa akituitikia kwa kuringa kidogo, anainua kidole cha mwisho, tunacheka.

Nikamtazama. Alikuwa amejivutia mfupa uliobakia, anachambua kinyama kilichoshikilia pembeni. Akakitia mdomoni upande wa mbele, sio nyuma. Akakisukuma kwa ulimi. Nilijua anachokifanya, maana mimi mwenyewe nilikuwa nakifanya dakika ileile.

"Mama, na wewe una pengo?"

Akacheka. "Leo ndo unaniuliza?"

Akafungua mdomo, pale pale juu ya sinia. Magego ya chini, kulia hakuna, kushoto hakuna. Nimekula na mama yangu tangu niachishwe ziwa, na sikujua.

"Yalitoka lini?"

"La kwanza nikiwa na mimba yako. Unanipiga mateke huku, jino linaniuma huku, sijui nimlaumu nani. Mengine yakafuata. Waliniambia nirudi kuweka. Nikasema nikipata nafasi."

"Ukapata?"

"Nikakupata wewe. Halafu nikampata huyu mla nyama."

Mdogo wangu alikuwa ameacha kutafuna. Akakitoa kile kipande alichokificha chini ya wali, akakisogeza upande wa mama. Mama akakirudisha. "Kula, baba. Kigumu hicho."

Wiki iliyofuata nilimwambia mama anisindikize kwa daktari. Nilimdanganya kwamba naogopa. Kufika, nikasema kabla hatujakaa vizuri, "Dokta, mwangalie na mama."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi sikuja kutibiwa, nimemleta huyu mwoga."

"Nitaangalia tu, mama. Sitakuumiza."

Akaangalia muda mrefu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nimeshika pochi ya mama, na kwa mara ya kwanza nilitamani yule daktari aendelee kuchelewa, kwa sababu uso wake ulikuwa umeshanipa jibu. Alisema meno ya juu yameshuka yakakaa ndani ya mapengo, na ya pembeni yamelala. Mahali pa kuweka jino pamejaa. Kitu cha kufanya kipo, lakini kingeanza na kung'oa mengine ambayo bado yanamfaa.

"Kung'oa tena?" Mama akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio. "Hapana, mwanangu, niache na haya haya. Mtengenezee huyu."

"Angekuja mapema..." nikaanza.

"Ndiyo," daktari akasema.

Tulirudi kwa miguu, mama alitaka kupitia sokoni kununua uzi. Njiani nikamwambia nimeamua, siweki. Kama yeye amekaa bila meno miaka yote hiyo ili sisi tule, mimi nani mpaka nikatengenezewe jino la nyuma lisiloonekana? Nililisema kwa kishindo. Nilikuwa nimelipanga tangu kwenye ngazi za hospitali.

Mama akasimama katikati ya watu. "Hebu niambie. Wewe ukikaa na pengo, mimi ndo nitatafuna?"

"Sio hivyo, mama, ni kwamba..."

"Ni kwamba unanionea huruma. Haya, umeniona. Sasa mimi nile hiyo huruma yako? Uling'oa kwa haraka, sasa unataka kuacha kwa haraka. Utarudi kwa yule dada, utakaa, utatulia, atakupima. Na baba yako nitamwambia mimi."

Akaingia dukani. Alipotoka na uzi wake alikuwa anaongelea rangi ya mishono ya mteja, habari ya meno imekwisha.

Nikarudi. Nilichagua lile la kuvaa na kuvua, kwa sababu meno yangu mazima sikutaka yaguswe tena na uamuzi wangu wowote. Daktari alinijaza mdomo kitu cha waridi kama uji mzito, cha kuchukua umbo la meno, akaniambia nisitikisike mpaka kigande. Nikatulia. Nilienda kupima, nikaambiwa nirudi, nikarudi, likasuguliwa pembeni, nikarudi tena. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba hizi safari si ndefu kama nilivyokuwa nazihesabu kichwani. Jino langu la kweli lingehitaji safari kama hizi hizi, basi, na lingekuwa bado lipo na mizizi yake. Hili la plastiki ni zuri, lakini usiku nalitoa naliweka kwenye kikombe cha maji, na ulimi unarudi kupapasa palepale.

Siku nilipolileta nyumbani mama alipika wali na nyama. Tukakaa watatu. Nilikuwa nimejiapiza kwamba kuanzia siku ile nitakula mwendo wa mama, nitamchambulia, nitamtengea. Nikatia kipande upande wa kulia, nikauma kwa hofu. Kikavunjika. Nikauma tena, kikalainika, kikashuka. Nikachukua kingine. Miezi mingapi sijala hivyo! Nilisahau. Kweli kabisa nilisahau, nilikuwa nakula tu, na nilipoinua macho upande wangu wa sinia ulikuwa mweupe mpaka chuma kinaonekana, na mama alikuwa hajafika hata nusu.

Alikuwa ameacha kula, ananitazama mdomo.

"Linatafuna?"

"Linatafuna, mama."

"Halikubani?"

"Hapana."

Akachukua kipande cha nyama kilichobaki mbele yake, akakisogeza kwa kidole mpaka upande wangu.

"Hebu jaribu na hiki," akasema. "Hiki kigumu."

Nilitaka kukirudisha. Lakini uso wake ulikuwa umechangamka kama mtu anayesubiri kuona nguo aliyoishona ikivaliwa. Nikakitia mdomoni, nikatafuna, na yeye akawa ananitazama mpaka nikameza.