Matundu Mawili ya Chini

Jina lake halisi walilikumbuka wachache. Karakana nzima walimwita Mzee Ziba, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Ukitoboa boti mbele yake, hata tundu la kupitisha uzi, alikukaripia kwa neno hilo moja: "Ziba!" Hajakuuliza umeamkaje wala umekula nini. Ziba kwanza, mengine baadaye. Alikuwa fundi wa boti za faiba, miaka thelathini na sita mikono yake inanuka resini, na kwa ubishi hakuwa na mwenzake.

"Faiba haiozi," aliwaambia wateja, "lakini ndani yake kuna mbao, na mbao ni mbao. Maji yakipata mlango, kwisha habari yako."

Nyuma ya karakana ililala boti moja kifudifudi, imefunikwa turubai, ubao wake wa nyuma umeelekezwa ukutani. Miaka kumi na moja. Wageni wakiuliza ni ya nani, mafundi walijifanya wana kazi nyingi.

Ilikuwa boti ya nyumbani kwake. Mkewe alikuwa mkunga katika zahanati ya ng'ambo ya ziwa, na kila asubuhi mtoto wao wa kiume, mtu mzima mwenye ndevu zake, alimvusha pamoja na abiria wengine. Mwaka ule kijana alifunga injini kubwa kuliko ile ya siku zote, bila kumuuliza baba yake. Wiki ya tatu, katikati ya maji, ubao wa nyuma unaobeba injini ukakatika. Injini ikalala, maji yakaingia kwa fujo. Abiria wanne waliokolewa. Mama, mwenye goti bovu, hakuokolewa. Mwanawe alimshikilia mpaka mikono ikafa ganzi, halafu akawa hamshikilii tena.

Siku ya mazishi, mbele ya watu wote, Mzee Ziba alimwambia mwanawe, "Umemuua mama yako kwa kupenda mbio."

Kijana alienda nyuma ya karakana akaigeuza ile boti na wenzake kadhaa, akaifunika, akaifunga kamba, akachukua begi lake akaondoka. Mzee aliona anaficha aibu yake. Na tangu siku hiyo jina la kijana halikutajwa tena ndani ya nyumba ile.

Sasa aliyekuja kulitaja upya alikuwa binti yake, tumbo la miezi saba mbele, akajibwaga kitini kwa baba yake Jumapili mchana bila hata kuvua mkoba.

"Baba, siku nikijifungua namtaka kaka."

"Kaka gani?"

"We una watoto wangapi?"

"Mmoja."

Binti akaweka kikombe chini taratibu, na mtu anayemjua angejua hapo kuna balaa. "Basi mjukuu wako utamsikia kwenye simu. Sileti mtoto kwenye nyumba ambayo mjomba wake hatajwi. Nimechoka, Baba. Mama nilimkosa mara moja, kaka namkosa kila siku."

"Kwa hiyo unaona namwonea?"

"Naona hujawahi hata kuitazama ile boti."

Hilo lilimchoma. Yeye, fundi, aambiwe hajatazama! Akasimama. "Kesho naifungua. Nitakuonyesha kwa macho yako bolti za ile injini zilivyoutafuna ubao. Ukishaona, habari hizi ziishe."

"Na ukikuta kingine?"

"Ubao ule niliuweka mimi. Hakuna kingine."

"Nauliza ukikuta."

"Nikikuta kingine nitampigia simu kwa mkono wangu. Haya, kunywa chai yako."

Jumatatu asubuhi alianza na kamba. Mafundo ya mwanawe yalikuwa mengi kupita kiasi, moja juu ya jingine, yamekaza na kukauka. Fundi rangi, jirani yake wa kibanda cha pili na mtani wake wa miaka yote, alikuja na kisu.

"Kata, Mzee, utazeekea hapo. Ingawa sijui uzee gani umebaki."

"Kamba nzima haikatwi."

"Huyu kijana alikuwa anafunga boti au anafunga benki?"

Mzee hakucheka. Alifungua fundo moja moja kwa ncha ya bisibisi mpaka jua likawa kali. Kisha mafundi wanane wakaigeuza boti, na kwa mara ya kwanza akautazama ubao ule.

Macho yalikwenda moja kwa moja kwenye bolti za injini. Alishaandaa maneno ya kumwambia binti. Lakini bolti zilikaa palepale, zimekaza, na ubao uliozizunguka ulikuwa mkavu na wa njano. Akaugonga kwa kishikio cha patasi, ukalia ko, ko, mzima kabisa. Mpasuko haukuanzia pale. Ulipita chini kabisa, karibu na sakafu ya boti.

"Subiri," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa na haraka.

Akawasha grenda, akakata ngozi ya ndani ya faiba kuuzunguka ubao wote, akaibandua. Hapo hakuhitaji patasi tena. Plaiwudi ya chini ilimwagika yenyewe miguuni pake, nyeusi, kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Akaichota kwa viganja, tena na tena. Aliingiza kidole penye weusi zaidi, kikazama chote. Ubao wa namna hiyo usingebeba hata ile injini ndogo ya zamani. Ungekatika nayo, labda mwezi uleule.

Kuoza kuna njia yake, na fundi anayejua kazi huifuata kama anayefuata nyayo. Panapoanzia huwa peusi kuliko pengine pote. Mzee aliifuata kwa vidole, kutoka katikati kwenda kushoto, kutoka kushoto kwenda chini, mpaka akafika kwenye kingazi.

Lo! Kingazi kile alikuwa amekisahau. Kingazi cha ngazi mbili tu, alichokitengeneza kwa mikono yake miaka mitatu kabla ya ajali, mkewe apate kupanda kutoka kwenye maji ya ufukweni bila kulikunja sana goti. Kilishikwa kwenye ubao ule kwa skrubu nne. Akazifungua. Mbili za juu zilitoka na silikoni nyeupe ya kuzibia maji imezizunguka, safi kama jana. Mbili za chini zilitoka kavu. Hazikuwa na silikoni hata kidogo. Matundu yake yalikuwa meupe upande wa faiba na meusi upande wa ubao.

Alikumbuka yote, na heri asingekumbuka. Tyubu ya silikoni ilimwishia baada ya skrubu ya pili. Mkewe alikuwa amesimama pale pale, viatu mkononi, anasubiri kukijaribu. "Kimekwisha?" akamuuliza. Yeye akasema bado kuziba mbili za chini, kesho atanunua tyubu nyingine. Mkewe akapanda, akashuka, akapanda tena, akacheka, akasema sasa anapanda boti kama mke wa waziri. Mzee naye akacheka. Na kesho yake ilikuja kazi ya mtu, na kesho kutwa nyingine, na yale matundu yakabaki chini ya maji, wazi, kila siku, miaka mitatu.

Alikaa chini juu ya ile mbao iliyooza. Mtu aliyemfukuza mwanawe mbele ya jeneza ndiye aliyefungua mlango.

"Boti imesemaje, Mzee?" fundi rangi aliuliza kutoka mlangoni.

"Kazi ipo," alijibu, basi.

Alitakiwa kupiga simu siku ileile, alikwisha ahidi. Hakupiga. Alijiambia kwanza atengeneze, maana mtu hawezi kupiga simu na boti iko wazi. Jumanne alikwangua ngozi ya nje mpaka ikabaki faiba tupu. Jumatano alipima ubao mpya, akakata plaiwudi mbili, akazigandisha pamoja kwa resini, akazikandamiza kwa vibano kumi na viwili. Alhamisi akakoroga resini nzito kama uji, akaipaka kote, akauingiza ubao mahali pake, akafunika kwa mkeka wa faiba, tabaka juu ya tabaka. Mikono ilikuwa inajua kazi yake. Alifurahi kwamba mikono haiulizi maswali. Na kila alipoishika simu, alikumbuka resini inataka kuangaliwa.

Kilichowatisha wenzake ni ukimya. Siku nne hajapiga kelele. Ijumaa fundi rangi akachukua keekee, akatoboa ubao wa mteja mbele ya pua yake, makusudi, akaliacha tundu wazi. Mzee alilitazama lile tundu, akapita.

"Huyu mgonjwa," fundi rangi akawanong'oneza wenzake, na safari hii hakuwa anatania.

Jumamosi ubao ulikuwa umekauka, mgumu kama jiwe. Alitoboa matundu ya injini, akayaziba kwa resini, akayatoboa tena katikati ya resini hiyo ili maji yasiguse mbao. Halafu akarudisha kile kingazi. Hakuna aliyekiomba, na aliyekihitaji hayupo. Matundu manne, skrubu nne mpya, na tyubu tatu mpya za silikoni mfukoni. Aliziba mpaka silikoni ikamwagika pembeni.

Binti alifika saa tisa, anahema kwa uzito wa tumbo. "Haya, nionyeshe bolti."

Mzee alimpeleka kwenye meza. Alikuwa ameweka vipande vya ubao wa zamani juu ya gazeti, na skrubu nne kando. "Hizi mbili nilisahau kuziba," alisema. "Mimi. Si injini. Si kaka yako."

Binti alivitazama muda mrefu. Akaweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka bila sauti. Alitoa simu, akatafuta namba, akampa. "Uliahidi."

Simu iliita mara nne. Aliyepokea alikuwa mtoto wa kike, sauti nyembamba.

"Haloo? Baba ananawa mikono. Wewe ni nani?"

Mzee hakujua kama yupo mtoto. "Mimi babu yako."

"Hapana," mtoto akasema, kwa upole kabisa, kama anayemrekebisha mtu aliyekosea njia. "Babu yangu alikufa. Alizama na bibi kwenye boti."

Kisha zikasikika hatua, na simu ikachukuliwa.

"Nani mwenzangu?"

"Nimeifungua boti," Mzee Ziba alisema.

Kwa mbali maji ya bomba yalikuwa yanamwagika, halafu yakafungwa.

"Nilifunga sana ile kamba," mwanawe akasema hatimaye.

"Ulijua."

"Niliona siku tuliyoivuta. Skrubu mbili hazina kitu. Nikajua ni wewe tu uliyekifunga kile kingazi."

"Sasa kwa nini hukusema? Nilikutukana mbele ya watu, kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umeshampoteza Mama, Baba. Ungelijua na hilo, usingefika hata jioni ile. Nikaona bora unichukie mimi."

Mzee alishika ukingo wa meza. "Rudi nyumbani, mwanangu. Nisamehe. Rudi, nikuombe msamaha mbele ya walewale."

"Nilikwisha kusamehe zamani." Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Dada akijifungua nitakuja kumwona yeye. Nitakuja peke yangu."

"Na mtoto?"

"Watoto waliuliza kwa nini hawana babu. Sikujua niwaambie nini. Kuwaambia mlizama wote wawili ilikuwa rahisi zaidi."

Yule mtoto alisikika akiuliza hapo karibu, "Baba, ni nani huyo?"

Mzee akakandamiza simu sikioni mpaka likauma.

"Ni fundi mmoja wa boti, mama," kijana alimwambia bintiye. "Amekosea namba."

Simu ikakatika. Binti alifuta uso kwa upande wa kanga, akauliza, "Amesemaje? Anakuja?"

"Anakuja kukuona wewe," Mzee alisema. Akamrudishia simu, akachukua kitambaa, akaenda kufuta silikoni iliyomwagika kwenye matundu ya chini.