Mafuta ya Kichwani

Dada yangu Kavata analima ndengu Kyuso. Binti yake Mumbua, wa miaka tisa, hawezi kutulia darasani hata dakika mbili. Mwaka huu Kavata aliuza mbuzi wake wote ili ampeleke kliniki moja mjini Kitui. Huko wanambandika nyaya kichwani huku akitazama katuni, na mashine inasoma ubongo wake ili ajizoeze kutulia. Akitulia, picha inang'aa. Akili ikihama, picha inafifia. Kila ilipofifia, Kavata alimfinya paja.

Kila Jumanne, kabla ya safari, alimpaka mafuta kichwani mpaka anang'aa. Huku kwetu mtoto hapelekwi mbele za watu na kichwa kikavu. Watasema hana mama.

Wiki ya kumi na mbili niliandamana nao, tukamkuta mhudumu mpya. Aligusa nywele za Mumbua, akatazama vidole vyake.

"Mama, huwa unampaka mafuta?"

"Kila tukija," Kavata akajibu kwa fahari.

"Mafuta yanazuia nyaya kushika. Hii mashine haijawahi kumsoma vizuri. Itabidi tuanze upya."

Nilitaka kuivunja ile mashine. Wiki kumi na moja, na hakuna hata mhudumu mmoja aliyefungua mdomo! Lakini Kavata alijua mbuzi wameisha, na hakuna cha kuanzia upya.

Mumbua alimtazama mama yake, mkono wake ukiwa juu ya lile paja la kufinywa.

"Kwa hivyo si mimi nilikuwa nazima picha?"